Mdoli Aliyechukuliwa na Mtani

Mimi sijui kukaa. Nikiketi mahali dakika kumi, mguu unaanza kucheza na mkono unatafuta kitu cha kupangusa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa barabarani, jambo ambalo si kweli, nilizaliwa hospitali na yeye mwenyewe ndiye shahidi mkuu. Lakini kazi niliyoipata ukubwani ilimpa haki. Mimi ni bibi shamba. Nazunguka vijiji kwa pikipiki ya ofisi nikiwaambia watu nafasi ya kupandia mahindi, na wao wananisikiliza kwa heshima zote, kisha wanapanda walivyokuwa wakipanda. Nyumbani Songea nipo siku tatu kwa wiki, nikijitahidi nne. Nayasema haya mapema ili ijulikane mdoli aliangukia mikononi mwa mtu wa namna gani.

Mdoli mwenyewe alitoka kwenye belo. Mama aliuza mitumba, masweta hasa, maana Songea mwezi wa sita na wa saba baridi haina mzaha. Siku moja, mimi nikiwa na miaka minne au mitano, alifungua belo la nguo za watoto, na ndani ya mkono wa sweta moja akakuta kitu kimejikunja: mnyama wa manyoya, rangi ya chai ya maziwa, jicho moja. Wauzaji wenzake wakaacha wateja wao wakaja kubishana. Mmoja alisema ni nguruwe. Mwingine alisema ni nyani, ila mkia umekatika safarini. Baadaye sana, shuleni, niliambiwa ni dubu, mnyama ambaye sijasikia mtu yeyote wa kwetu akilalamika kwamba amemlia mahindi. Sisi tulimwita mdoli tu. Mama alimshonea kifungo cha koti pale palipokosa jicho, kifungo cheusi cha matundu manne, na kwa kuwa kilikuwa kikubwa kuliko jicho la upande wa pili, mdoli akabaki na uso wa mtu anayekutilia shaka.

Nikisema alikuwa mdoli wangu nitakuwa nadanganya. Hakuwa wa kuchezea. Alikaa chumbani juu ya sanduku la chuma la mama, mgongo ukutani, na nilikatazwa kumteremsha. Aliteremka siku za mnada tu. Siku hizo mama alifunga mzigo wake wa masweta, akauweka mlangoni, kisha akarudi ndani, akamchukua mdoli, akanikabidhi kwa mikono miwili na kusema maneno yaleyale kila mara.

"Kaa na huyu. Nikirudi nitamuuliza kama ulilia."

Basi nakaa naye. Aliyetakiwa kunitazama alikuwa jirani, mama mwenye watoto sita wa kwake, kwa hiyo kunitazama kwenyewe kulikuwa kwa kupitisha macho. Baba alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa mkoa mwingine, akahamia huko mwili na moyo. Nilikuwa peke yangu na mdoli kuanzia asubuhi mpaka jua la jioni, na sikulia. Nikilemewa, nilimwacha ndani, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikalia harakaharaka, nikanawa uso na kurudi nimekunja ndita kumzidi yeye.

Mama akirudi alitua mzigo, akaketi kwenye ngazi ya mlango hata kabla ya kunywa maji, akamchukua mdoli na kuuweka mdomo wake sikioni. Alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa. "Anasema ulijikaza," alikuwa akisema. Siku nyingine: "Anasema kuna wakati ulikwenda migombani." Sasa najua jirani ndiye aliyekuwa akipeleka habari. Wakati ule niliamini kabisa kwamba lile jicho la kifungo linaona kupitia ukuta wa matofali.

Kisha mdoli alirudishwa juu ya sanduku, na mimi nilibaki na mama. Nimekaa miaka mingi nikijaribu kuelewa kwa nini nilimpenda yule mnyama na kumchukia kwa kipimo kimoja. Nadhani ni hivi. Kwa akili yangu ya wakati ule, mama alirudi kwa sababu ya mdoli. Alikuwa amemwacha, asingeweza kumtupa, kwa hiyo lazima angerudi kumchukua. Kama angerudi kwa ajili yangu peke yangu, hilo sikuwa na hakika nalo. Mtoto hamwambii mtu mambo hayo. Mimi niliyageuza kuwa mbio. Niliruka, nilipanda miti, nilivunja mkono, na mpaka leo nikiwa mahali naanza kupanga nitaondokaje.

Nilipopata mtoto wangu, wa kike, mama alikuwa ameacha mitumba kwa sababu ya magoti. Akahamia kwangu Lizaboni, hapohapo Songea, na sanduku lake la chuma na mdoli juu yake. Mimi Jumatatu nawasha pikipiki, na kabla sijafika kwenye lami namsikia nyuma yangu akimwambia binti yangu: "Kaa na huyu. Mama akirudi tutamuuliza kama ulilia." Na yeye mwenyewe akienda sala za jumuiya au sokoni kununua dagaa wa Nyasa, anamkabidhi hivyohivyo.

Nilikasirika, na sikuwa na maneno ya kueleza kwa nini. Nikamwambia mama watoto wa siku hizi hawalelewi kwa kutishiwa na manyoya ya mtumba. Nikaenda semina Dodoma, nikarudi na dubu mpya, wa pinki, ukimbonyeza tumbo anaimba. Binti yangu alimbonyeza siku mbili. Betri ilipokwisha alimsukumia chini ya kitanda, na huko alikaa na kandambili zilizokatika. Yule wa kifungo akaendelea na kazi yake. Mama alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nikaoshe pikipiki iliyokuwa safi.

Mwaka jana, mvua za mwezi wa tatu, mama aliamka na kifua kinabana. Alikataa kupanda bodaboda, akataka gari, nikajua si mzaha. Wakati nakimbizana na simu, yeye aliingia chumbani taratibu, akamchukua mdoli na kumkabidhi mjukuu wake aliyekuwa amesimama mlangoni na sare ya chekechea. Akasema maneno yake. Akaenda hospitali, akakaa siku tatu, na hakurudi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Binti yangu aliponiuliza bibi yuko wapi nilisema amesafiri. Ndivyo tunavyowaambia watoto, na hakuna mtu pale msibani aliyenipinga. Siku ya mazishi alibaki kwa jirani. Aliporudishwa alikuta nyumba imejaa watu, mikeka kila mahali, masufuria ya kukodi uani, na yeye akapita katikati yao wote amemkumbatia mdoli, uso mkavu. Wanajumuiya walimsifu. Walisema mtoto huyu ana moyo, hajalia hata kidogo, na mimi nikaona ni kweli, nikashukuru, maana sikuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu. Nilikuwa nahesabu vikombe. Nilikuwa nasimamia kuni. Tangu hospitali sikuwa nimekaa chini.

Kosa la pili lilitokea siku ya kuondoa matanga.

Kwetu Wangoni msiba hauendi bila mtani, mtu wa kabila tunalotaniana nalo. Wetu ni mwanamke wa Namtumbo, mkulima wa tumbaku, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano. Kabila lake silitaji, maana wakilisoma hapa watajisifu mwaka mzima. Alikuja tangu siku ya kwanza, akaosha vyombo kuliko ndugu, na tangu siku ya kwanza akatusumbua. Alijilaza mahali lilipokuwa jeneza akasema na yeye amechoka, naye apumzike. Alimnyima padri chumvi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani: watu wakizidi kulia, anawachekesha mpaka wanaona aibu. Na ana haki moja ambayo kila mtu kwetu anaijua. Anaweza kunyakua kitu chochote cha wafiwa. Ukikitaka, unakikomboa kwake kwa chochote, sarafu, soda, hata kibiriti, huku mkitukanana. Usipokomboa, na yeye akavuka uwanja wa nyumba yako watu wakiona, kitu hicho ni chake. Kumfuata baadaye kukidai ni kuvunja utani, na habari zako zitasimuliwa kwenye misiba ya watu usiowajua.

Siku hiyo nguo za mama zilikuwa zimefuliwa, zimewekwa mkekani, na mama mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa akizigawa kwa ndugu. Mimi nilipata sweta la kahawia. Binti yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa mkeka, mdoli mapajani. Mtani akaja kwa nyuma, akamchomoa, akajitupia mgongoni, akajifunga kanga na kuanza kuzunguka uwanja akiigiza sauti ya mama sokoni. Alimpatia kabisa. Alivyotembea na magoti mabovu, alivyopandisha bei halafu akajifanya kuondoka yeye badala ya mteja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Nataka niliandike hilo wazi, kwamba nilicheka sana, na nilikuwa sijacheka kwa wiki nzima.

Akaja kusimama mbele yangu. Akasema huyu mtoto amezeekea hapa hana hata jicho, akombolewe, la sivyo anakwenda naye Namtumbo akafundishwe kazi.

Ilihitajika nini? Mfukoni nilikuwa na peremende. Lakini ghafla kicheko kikanikatika. Nilimwona mdoli juu ya bega lake, kile kifungo kinanitazama, na hasira ikanipanda ambayo haikuwa ya mtani wala ya msiba. Nilitaka watu waondoke. Nilitaka mikeka ikunjwe, uwanja ufagiliwe, na kile kitu kitoke machoni pangu.

"Nenda naye," nikasema.

Mama mdogo aliinua uso. Mtani naye alisita, nakumbuka alisita, akanipa nafasi, akazunguka mara nyingine uwanja mzima polepole akisema anaondoka jamani, anavuka jamani. Niligeuka nikaanza kukunja mkeka. Nilipomtafuta binti yangu alikuwa ameketi vilevile, mikono imeachwa wazi mapajani, hamtazami mtani. Ananitazama mimi.

Jioni ile, watu wametawanyika, nilikuwa namwogesha. Akaniuliza bila kulia, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua utaratibu: "Bibi akirudi, atamuuliza nani?"

Nilisema tutaona. Nikamwaga maji, nikaenda kuteka mengine.

Wiki tatu zilizofuata sizipendi. Binti yangu alikataa chekechea. Hakupiga kelele, alikataa kwa kukaa tu juu ya sanduku la chuma, mahali pa mdoli, mgongo ukutani, miguu inaning'inia. Nikimshusha anarudi. Nikimwachia dada wa kazi naambiwa ameshinda hapo, akiteremka kwenda chooni na kurudi. Nilimtolea yule wa pinki chini ya kitanda, nikamtia betri mpya. Alimsikiliza akiimba mpaka mwisho, akanirudishia kwa adabu, akasema, "Huyu hajui kusema."

Mimi nikawa mtu wa kuonewa huruma na majirani. Nilipaka rangi jiko. Nilichimba mfereji wa maji ya mvua ambao hakuna aliyeuhitaji. Vijijini nilifika kabla wakulima hawajaamka vizuri, nikawafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja, nikaondoka sijamaliza hata moja. Nilikuwa nikivaa sweta la mama hata kukiwa na jua. Kila nilipotulia nilisikia lile swali, kwa hiyo sikutulia.

Nilimwendea mama mdogo kumwomba ushauri, huku nikijua atakachosema. Alisema nikimfuata mtani watanicheka mpaka kaburini. Alisema pia kwamba dada yake aliniharibu kwa kunisifu kila nisipolia. Akaendelea kuchambua maharage. Baada ya muda akaongeza kwamba magari ya Namtumbo yanajaa mapema, nisichelewe.

Jumamosi nilimvalisha binti yangu tukaenda. Ningeweza kwenda peke yangu kwa pikipiki, lakini nilitaka aone kwa macho yake. Njia nzima alikaa wima, hakuuliza tumefika wapi. Nilimwambia tunakwenda kumkomboa mdoli. Alifikiri, akauliza kama tuna kitu cha kukombolea. Nikasema tunacho. Sikuwa nimefikiria ni kitu gani.

Mtani tulimkuta kwenye bani lake, kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku, moshi ukitoka kwenye nyasi za paa. Majani yalikuwa yamening'inia ndani kwa safu, na chini yake moto wa magogo unafuka pole. Alituona tangu barabarani. Hakuinuka. Alikuwa akisubiri kwa furaha ambayo hakuificha, na majirani zake wawili waliokuwa wakifunga majani vijitini wakasogea kusikiliza.

"Wangoni wamekuja kuombaomba," akasema. "Siku hizi hawatoki na mikuki, wanatoka na watoto."

Binti yangu akasema shikamoo. Mtani akaitikia marahaba kwa upole, kisha akarudi kwenye matusi. Nilijitetea nilivyoweza. Nilisema nimekuja kukagua tumbaku yake, nimeona inafaa kuwa mboga. Walicheka. Nilianza kuona itakwenda vizuri, utani utapigwa, nitatoa kitu, tutaondoka na kichwa kimeinuka. Nilimtazama mdoli. Alikuwa ameketishwa kwenye kidirisha cha bani, juu ya tofali, anauangalia moto. Manyoya yameshika rangi ya moshi.

"Unamtaka?" mtani akasema. "Haya. Biashara ndogo. Nipe huyu mtoto, nikupe mdoli. Mtoto kwa mtoto, tumemalizana."

Jibu lake linajulikana. Mngoni yeyote analijua. Unasema mchukue, chukua na nguo zake, anakula debe kwa wiki, utamrudisha mwenyewe unalia. Nimewahi kulisema kwa watoto wa watu. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Na hapo nikasikia gauni langu limekuwa jepesi upande mmoja.

Alikuwa ameliachia. Tangu tushuke garini alikuwa amelishika kwa ngumi, na sasa ameliachia, amepiga hatua moja kwenda mbele, na amesimama katikati yetu akimtazama mtani, mikono pembeni, kama watoto wanavyosimama wakisubiri kuitwa majina. Hakuwa analia. Alikuwa anajikaza. Alishaniona nikisema nenda naye.

Sijui nilimfikiaje. Najua nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi la majani ya tumbaku na nimemshika kiuno kwa mikono miwili.

"Huyu simtoi," nikasema.

Mtani alicheka kidogo. "Hata kwa utani?"

"Hata kwa utani. Baki na mdoli."

Wale majirani wakaacha kucheka. Nilikuwa nimeharibu mchezo, na nilijua habari hizo watazipeleka mbali. Sikujali. Mtani akaweka chini kijiti alichokuwa ameshika. Akainuka, akaenda dirishani, akamchukua mdoli, akampangusa uso kwa ncha ya kanga yake. Hakumpa binti yangu. Alinipa mimi.

"Nilizunguka mara mbili," akasema, chinichini, wale wengine wasisikie. "Nilidhani utanikimbiza. Mama yako angenikimbiza mpaka Namtumbo."

Kisha akapandisha sauti, akasema nitoe chochote, utani usife. Nilipekua mkoba. Nilikuwa na kalamu niliyopewa semina. Nikaitoa, akaijaribu kwenye kiganja chake, ikaandika, akasema angalau Mngoni mmoja amewahi kumpa kitu kinachofanya kazi. Tulikula kwake ugali. Sikumbuki mboga.

Barabarani, tukisubiri gari, niliuweka uso wangu kwenye kile kichwa cha manyoya. Nilikuwa nimejizuia kufanya hivyo mbele ya watu. Nilitafuta harufu ya chumba cha mama, ya sabuni ya kipande na mafuta yake ya nazi, ya lile sanduku. Ilikuwa tumbaku tupu. Wiki tatu juu ya moshi zimetosha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama amekufa. Nilikuwa nimelipa gari la maiti, nimechagua mbao za jeneza, nimeona nguo zake zikigawiwa, na sikuwa nimeelewa.

Binti yangu alininyooshea mikono, nikampa. Alimkagua masikio, miguu, akagusa kifungo. Akaonekana ametulia. "Sasa bibi anaweza kurudi," akasema.

Nilitazama kama gari linakuja. Halikuja. Ningependa kusema nilichagua, lakini ukweli ni kwamba hapakuwa na mahali pa kwenda wala kitu cha kushika. Nikaketi kwenye nyasi za ukingo wa barabara, nikamketisha mbele yangu.

"Nilikudanganya," nikasema. "Bibi hakusafiri. Bibi alikufa hospitali. Siku ile ulipokuwa kwa jirani, sisi tulikwenda kumzika."

"Harudi?"

"Harudi."

Alimtazama mdoli usoni muda mrefu. Nilijiandaa kwa maswali ya mbinguni na malaika, nilikuwa na majibu ya katekisimu tayari.

"Kumbe nilijikaza bure," akasema.

Akalia. Alilia yote ya wiki zile, kwa mdomo wazi, mpaka wapita njia wa baiskeli wakasimama kuuliza kama mtoto ameumwa na kitu. Nilisema ndiyo, ameumwa. Nilimshika yeye na mdoli pamoja, na machozi yangu yakawa yanadondoka kwenye manyoya yale, na harufu ya tumbaku ikazidi kwa unyevu. Magari mawili yalipita tukayaacha.

Jumatatu aliamka mwenyewe akataka sare. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa ofisini, siku moja tu, na tayari nilishapanga kung'oa magugu ya uani, kufua mapazia na kurekebisha mnyororo wa pikipiki. Alikunywa uji, akavaa begi, akafika mlangoni akarudi. Aliingia chumbani. Nilimsikia akipanda kwenye kigoda. Akatoka na mdoli, akaja jikoni nilipokuwa nimesimama, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kaa na huyu," akasema. "Nikirudi nitamuuliza kama ulilia."

Akaenda. Nilimsikiliza mpaka sauti za watoto zikaishia kwenye kona. Mapazia yalibaki kwenye beseni. Nilikwenda chumbani, nikaketi juu ya sanduku la mama, mgongo ukutani, mdoli mapajani, na nilikaa hapo asubuhi yote. Sikwenda nyuma ya nyumba.

Alirudi saa sita. Hakuvua hata begi. Alimchukua, akauweka mdomo wake sikioni, akasikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akanitazama.

"Anasema ulilia," akasema.

Nikasema ni kweli. Akamrudisha juu ya sanduku, akauliza tunakula nini.